Mpira wa Magongo na Ahadi ya Jumamosi

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa upande wa mpira wa magongo mbele ya mkutano wa wanachama, Moshi)



 Twajua ya kuwa wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na ya kuwa nyumbani mnangojewa. Kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno mengi. Neno letu ni moja, nalo ni hili: je, upande wa mpira wa magongo katika chama chetu uendelee kuwapo, au ufungwe?

Wote mmekwisha kusikia ya kuwa katika mkutano mkuu ujao litaletwa shauri la kuuza magongo yetu na kuzitia fedha zake katika mfuko wa kandanda. Walioleta shauri hilo si adui zetu. Ni ndugu zetu, na hoja zao si za upuuzi. Wasema ya kwamba magongo ni ghali. Ya kwamba mchezo huu ni wa watu wachache. Ya kwamba uwanja wataka matengenezo mengi. Na kubwa kuliko yote, ya kwamba sisi wachezaji wenyewe hatuji. Katika hoja hizo nne, tatu twaweza kuzijibu bila shida. Ya nne ndiyo iliyotuleta hapa.

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kusimama kando ya uwanja wetu, twaomba ruhusa tueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Timu ni mbili, na kila moja ina watu kumi na mmoja, mmoja wao akiwa mlinda goli. Uwanja una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Mpira ni mdogo, waweza kuufumbata kwa mkono mmoja, lakini ni mgumu kama jiwe, na uzito wake ni kati ya gramu 156 na 163. Hupigwa kwa gongo lililopindwa ncha. Gongo hilo lina uso mmoja tu ulio bapa, nao uko upande wa kushoto. Upande wa pili ni wa mviringo, na sheria yakataza kuupiga mpira kwa upande huo. Magongo ya watu wa shoto hayaruhusiwi, kwa hiyo hata mwenye kutumia mkono wa kushoto hana budi kujifunza kama wenzake. Kuuzuia mpira kwa mguu ni haramu, ila kwa mlinda goli peke yake ndani ya duara lake. Waamuzi ni wawili, kila mmoja na nusu yake ya uwanja.

Liko jambo moja katika sheria za mchezo huu ambalo twapenda mlishike, maana tutalirudia. Mbele ya kila goli huchorwa nusu duara kwa chokaa, mita 14.63 kutoka golini. Bao halihesabiwi isipokuwa mshambuliaji ameugusa mpira ndani ya duara hilo. Mtu hawezi kusimama mbali, akapiga kwa kubahatisha, akajisifu kuwa amefunga. Sharti afike.

Sasa tuzijibu zile hoja tatu. Magongo ni ghali, ni kweli. Lakini magongo yetu hayakununuliwa jana, wala hayatanunuliwa tena kesho. Ni mali ya chama. Huazimwa mchezaji, naye huyarudisha. Lililopasuka hupelekwa kwa seremala, likatiwa gundi na kufungwa kitambaa, likaendelea na kazi. Wako miongoni mwetu wanaochezea magongo yaliyochezewa na watu waliokwisha kustaafu.

Wasema ni mchezo wa watu wachache. Nasi twawaomba waje uwanjani Jumapili alasiri. Watawaona watoto wa mtaani wamekata matawi ya mpera yenye kupinda, wanayaviringisha makaratasi na vitambaa kuwa mpira, nao wanacheza kwa sheria zote, mpaka na waamuzi wao wawili wanaopuliza vidole kuwa kipenga. Hakuna aliyewaita. Walitutazama sisi, wakajifunza. Mchezo ambao watoto wanautengenezea vyombo vyao wenyewe hauwezi kuitwa mchezo wa wachache.

Na uwanja? Uwanja hatujamlipa mtu. Nyasi twazifyeka wenyewe kila Ijumaa jioni, maana nyasi zikiachwa ndefu mpira hauendi. Mawe twayaokota wenyewe, maana jiwe moja dogo laweza kuurusha mpira ukampiga mtu usoni. Mistari twaichora wenyewe kwa chokaa na kamba. Mvua za masika zikija, mistari hufutika, nasi huichora tena.

Hizo ndizo hoja tatu. Tumebaki na ile ya nne, ya kwamba hatuji. Hapo, Mabwana, hatuna jawabu, bali tuna ungamo.

Mwezi uliopita tulialikwa na wenzetu wa Arusha kucheza nao siku ya Jumamosi, saa tisa. Barua yao ilikuja mapema. Tuliijibu kwa barua yenye sahihi ya Katibu, tukasema: twakubali, tutakuja watu kumi na watano, yaani kumi na mmoja wa kucheza na wanne wa akiba. Majina kumi na matano yalibandikwa ubaoni. Kila mwenye jina alilisoma, na hakuna aliyelikata.

Siku ile tulikubaliana kukutana stendi ya mabasi saa nne asubuhi. Saa nne tulikuwa watano. Saa nne u nusu tulikuwa saba. Saa tano akaja mlinda goli wetu, ambaye kazi yake ni kuwauguza wagonjwa. Alikuwa amefanya kazi usiku kucha, na macho yake yalikuwa mekundu. Akauliza, "Wengine wako wapi?" Hatukumjibu. Tukapanda basi watu wanane, naye akalala njia nzima, kichwa chake kikigongagonga dirisha.

Tulipofika tuliwakuta wenyeji wamekwisha kuvaa. Mistari ilikuwa myeupe, bendera za pembeni zimesimamishwa, na waamuzi wawili wamekuja kwa nauli zao. Watu walikuwa wamekaa kando ya uwanja pamoja na watoto wao. Kapteni wao alituhesabu kwa macho. Hakusema neno. Aliwaita vijana wake watatu wa akiba, akawaambia wavue jezi zao wavae zetu.

Vijana wale walicheza upande wetu kwa nguvu zao zote, wakiwazuia ndugu zao wenyewe kana kwamba walizaliwa Moshi. Tulifungwa mabao sita kwa moja. Na hilo bao moja, Mabwana, alilifunga mmoja wa wale vijana watatu wa kuazimwa. Sisi wanane hatukufunga hata moja.

Kushindwa si aibu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Aibu ilikuja baada ya mchezo. Wenyeji walikuwa wamepika pilau, na walikuwa wamepika kwa hesabu ya barua yetu. Sahani zilipangwa kumi na tano mezani. Tulikaa wanane, na sahani saba zikabaki mbele ya viti vitupu. Hakuna aliyezitaja. Tulikula bila kuinua macho. Tulipokuwa tukiaga, mzee mmoja wa chama chao alileta vifurushi saba vilivyofungwa vizuri, akamkabidhi kapteni wetu, akasema, "Hii ni sehemu ya wale waliobaki. Wapelekeeni, wasije wakalala njaa kwa ajili yetu."

Hakusema kwa dhihaka. Alisema kwa ukarimu, na kwa sababu hiyo maneno yake yalituchoma zaidi.

Tulifika Moshi usiku, nasi tukaona ya kuwa amana haina budi ifike kwa mwenyewe. Tukapita nyumba kwa nyumba, tukipiga hodi, kifurushi mkononi. Wa kwanza alikuwa kitandani, anaumwa kweli. Wa pili alikuwa amefiwa, yuko matangani. Wa tatu aliitwa kazini ghafula. Hao hatuna neno nao, ila twapenda siku nyingine watuletee habari. Waliobaki walikuwa wanne. Mmoja tulimkuta anacheza bao barazani. Mmoja anasikiliza redio. Mmoja alikuwa ametoka kutembea. Na mmoja alikuwa amelala tangu alasiri. Kila mmoja tulimwuliza kwa heshima, "Ndugu yetu, mbona hukuja?" Na kila mmoja, bila kujua wenzake wamesema nini, alitujibu kwa maneno yale yale: "Nilidhani wenzangu watatosha."

Hilo ndilo neno linalokiua chama chetu. Si ghali ya magongo, wala si nyasi, wala si masika. Ni "nilidhani watatosha." Mtu mmoja akidhani, pengo lake laweza kuzibwa. Wanne wakidhani, hakuna timu.

Na asidhani mtu ya kuwa sisi tunaowasomea maneno haya tumetakata. Mwaka juzi kapteni wetu, ambaye ofisini ni tarishi, alituondoa katika safu ya mbele akatuweka nyuma, kuwa beki. Alikuwa na sababu, maana tulikuwa tumeanza kuwa wazito wa mbio. Lakini sisi tuliona vibaya. Tulijiambia: mtu ambaye siku za kazi hutuletea majalada mezani, leo atuamuru mahali pa kusimama? Jumamosi ile tulimpelekea habari ya kuwa tuna homa. Homa ile haikuwa mwilini. Ilikuwa katika cheo. Kapteni hakutugombeza. Jumatano iliyofuata tuliona jina letu limeandikwa tena ubaoni, mahali pale pale, beki wa kushoto. Tukaona haya, tukaenda, tukasimama pale alipotuweka. Tangu siku hiyo tumefahamu ya kuwa uwanja una utaratibu wake, nao si ule wa ofisi. Ofisini tarishi hutuamkia kwa adabu, nasi twamjibu kwa adabu. Uwanjani yeye husema "Rudi nyuma!" nasi hurudi. Wala haijatokea ya kuwa kazi ya serikali imeharibika kwa sababu hiyo. Imetengenea, maana sasa twajuana.

Wako wanaosema ya kuwa mtumishi wa serikali hana nafasi ya michezo. Kwa hao twapenda kutaja habari ya mtu mmoja wa India aliyeitwa Jaipal Singh. Alikuwa mtu wa kabila la Wamunda, mtoto wa kijijini, aliyesomeshwa katika shule ya misheni huko Ranchi, akapelekwa Uingereza, akasoma katika chuo kikuu cha Oxford. Alifaulu kuingia katika utumishi wa juu wa serikali ya India, naye alikuwa bado katika mafunzo yake, mwaka 1928, alipochaguliwa kuwa kapteni wa timu ya India ya mpira wa magongo katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam. Akaomba likizo. Akanyimwa. Akaenda hata hivyo, na baadaye akaiacha kazi ile. Mechi ya mwisho hakuicheza yeye, lakini India ilishinda medali ya dhahabu, nayo katika mashindano yote ilifunga mabao 29 bila kufungwa hata moja. Jaipal Singh hakupotea kwa kuacha cheo. Alikuja kuwa mmoja wa wajumbe wa baraza lililotunga katiba ya India, akawasemea watu wa makabila yao.

Hatuwashauri ninyi mwandike barua za kuacha kazi; Bwana Mwenyekiti atatufukuza ukumbini! Twataka tu mpime wenyewe. Yule alikuwa na cheo kikubwa mkononi, naye akakiacha ili aende mahali alipokuwa ameahidi. Sisi Jumamosi mchana hakuna aliyetunyima likizo. Milango ya ofisi imefungwa. Kinachotuzuia ni baraza, na redio, na usingizi.

Wala tusiseme ya kuwa mchezo huu ni wa nchi za mbali. Jirani zetu wa Kenya waliucheza katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Mwaka 1964 huko Tokyo walikuwa wa sita, na mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, lililochezwa Barcelona, walikuwa wa nne. Beki wao, Avtar Singh Sohal, aliichezea nchi yake katika Olimpiki nne, tangu 1960 hata 1972.

Na sisi Tanzania tunayo habari yetu. Mwaka 1980 timu yetu ya wanaume ilikwenda Moscow. Mataifa mengi yalikuwa yamesusia michezo ile kwa sababu ya majeshi ya Umoja wa Kisovieti kuingia Afghanistan, na timu za wanaume za mpira wa magongo zilikuwa sita tu. Timu yetu ilikuwa ya sita. Siku walipokutana na India, ambayo ndiyo iliyochukua dhahabu, walifungwa mabao 18 kwa bila. Wako watu wanaocheka wakisikia hesabu hiyo. Sisi hatucheki. Mtu aliyefungwa bao la kumi, akarudi katikati ya uwanja kuanza tena, akafungwa la kumi na moja, akarudi tena, mpaka kipenga cha mwisho, mtu huyo ametimiza ahadi yake kwa nchi yake. Wangalikuwa watu wa "nilidhani watatosha," wasingalifika Moscow.

Katika mji ule ule, na mwaka ule ule, wanawake wa Zimbabwe nao walicheza. Nchi yao ilikuwa imepata uhuru mwezi wa Aprili, na mwaliko uliwafikia majuma machache tu kabla ya michezo. Walikuwa wachezaji wa ridhaa, waliozoea viwanja vya nyasi, na hawakuwa wamepata kucheza juu ya nyasi za bandia kama zile za Moscow. Walicheza mechi tano, wakashinda tatu, wakatoka sare mbili, wakachukua medali ya dhahabu.

Mabwana, tazameni timu hizi mbili. Moja ilikuwa ya mwisho, nyingine ilikuwa ya kwanza. Hatudai kuzijua sababu zote za tofauti hiyo. Lakini jambo moja walikuwa nalo sawasawa: waliitwa, wakafika. Mwenye kufika aweza kushinda, na aweza kushindwa. Asiyefika hana hata moja katika hayo mawili. Amebaki na pilau ya kufungiwa. Ndiyo sababu tuliwaomba mlishike lile jambo la duara la chokaa. Bao halihesabiwi kwa mtu wa mbali.

Basi, hatukuja hapa kulia tu. Tumekuja na shauri, nalo tumekwisha kulijadili pamoja na kapteni wetu.

Kwanza, majina yatabandikwa kila Jumatano, na kila mwenye jina ambaye hawezi kucheza atamwambia kapteni kwa kinywa chake mwenyewe kabla ya Alhamisi jioni. Asitume mtoto, wala asitume karatasi. Mtu akilazimika kusema "siji" mbele ya mwenzake ana kwa ana, mara nyingi hukumbuka ya kuwa aweza kuja.

Pili, mchezaji atakayekosa mara mbili bila kutoa habari atalirudisha gongo la chama, nalo atapewa mwingine. Hii si adhabu. Gongo lililolala uvunguni halimfai mtu.

Tatu, katika wale vijana wa matawi ya mpera, wale waliokwisha kupata umri wa kutosha waandikwe kuwa wachezaji wa akiba, wafundishwe Jumanne na Alhamisi baada ya kazi. Leo wanajua sheria kuliko baadhi yetu.

Nne, mechi za Jumapili zisianze kabla ya watu kutoka ibadani, na katika mwezi wa Ramadhani tusipange mechi za safari, ili mtu asije akasukumwa kuchagua kati ya dini yake na timu yake, akapata na kisingizio.

Na la mwisho, ndilo ombi letu hasa. Twawaomba ndugu zetu walioleta shauri la kuuza magongo watupe miezi mitatu. Katika miezi hiyo tuna mechi sita, tatu hapa kwetu na tatu za safari. Hatuahidi ya kuwa tutashinda hata moja. Twaahidi jambo moja tu: ya kuwa saa tisa, katika kila moja ya mechi hizo sita, watakuwapo uwanjani watu wetu kumi na mmoja. Ikitokea hata mara moja kwamba tumepungua, basi hapatakuwa na haja ya kupiga kura. Sisi wenyewe tutayaleta magongo yote katika ukumbi huu, tutayapanga juu ya meza hii, na ninyi mtayauza. Kandanda ni mchezo mzuri, na fedha hizo hazitapotea.

Labda mtauliza, kwa nini tunajisumbua hivi kwa ajili ya mpira mdogo na gongo lililopinda? Twajibu ya kuwa hatujisumbui kwa ajili ya mpira. Sisi ni watumishi. Siku zote za kazi watu hutujia madirishani, nasi twawaambia, "Njoo kesho, barua yako itakuwa tayari." Mwenye barua hutembea kutoka mlimani, akaja kesho. Akikuta haiko tayari, naye akiuliza, tumjibu nini? Tumjibu, "Nilidhani mwenzangu ataiandika"? Mazoea ya mtu hayabadiliki kwa sababu amebadili nguo. Anayejifunza kufika saa tisa Jumamosi, mahali asipolipwa, atafika na Jumatatu mahali anapolipwa. Ahadi ni deni, na deni halina mwisho wa juma.

Jumamosi ijayo, Mabwana na Mabibi, wale wenzetu wa Arusha watakuja kwetu. Wameandika ya kuwa watakuja watu kumi na watano. Twajua ya kuwa watakuja kumi na watano. Kina mama wa chama wamekubali kutusaidia kupika, nasi twawashukuru kwa moyo. Mistari itachorwa Ijumaa. Twawaomba ninyi nyote mje, hata msiojua mchezo, mkae kando ya uwanja pamoja na watoto wenu, kama wale wenyeji wetu walivyokaa kututazama sisi wanane.

Juu ya meza ile, karibu na mlango, kuna karatasi yenye mistari kumi na mmoja. Wale wanane waliopanda basi wamekwisha kutia sahihi zao. Wa kwanza ni mlinda goli. Mistari mitatu imebaki. Wale wanne waliodhani wako humu ukumbini usiku huu, nasi hatutawataja majina, maana kila mmoja alikipokea kifurushi chake kwa mikono miwili, akasema ahsante, akainamisha kichwa. Hatuna kinyongo nao, na nafasi zao hatujampa mtu. Mistari ni mitatu nao ni wanne. Wa nne atakuwa wa kwanza katika akiba.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo maneno yetu. Kama tumekosea kwa lolote, twaomba mtusahihishe bila kutuonea haya, maana tumekuja mbele yenu tukiwa wadaiwa.